Karatasi za Mama yake Wandeuk

Filamu ninayokusudia kuizungumzia hapa niliitazama mara ya kwanza majira ya baridi ya mwaka 2012, katika ukumbi mdogo wa kanisa, nilipokuwa mwanafunzi Korea Kusini. Kila Jumapili baada ya ibada sisi wageni tulikuwa tukikusanyika hapo kunywa chai na kujifunza Kikorea, na siku hiyo mwalimu wetu alileta filamu badala ya somo. Tulikuwa watu thelathini hivi: wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi, na wanawake walioolewa na Wakorea. Ilipofika sehemu ya viatu, ambayo nitaieleza, karibu sote tulikuwa tukipangusa machozi. Mwanamke mmoja Mfilipino aliyeketi kushoto kwangu hakulia. Aliniinamia akaninong'oneza: "Huyu mama alikuwa na karatasi gani?"

Sikumwelewa. Nilidhani amekosa maneno fulani yaliyopita upesi kwenye skrini, nikamwambia kwamba sikuona karatasi yoyote. Akatikisa kichwa na kuendelea kutazama. Ilinichukua miaka kutambua kwamba swali lile lilikuwa uhakiki wa filamu nzima kwa maneno sita, na kwamba sijapata kusoma uhakiki uliogusa kiini chake kuliko huo. Insha hii ni jaribio langu la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Filamu yenyewe inaitwa kwa jina la kijana aliye mhusika mkuu, Wandeuk. Nje ya Korea inajulikana kama Punch. Iliongozwa na Lee Han kutokana na riwaya ya Kim Ryeo-ryeong iliyotoka mwaka 2008. Ilipoanza kuonyeshwa Oktoba 2011 ilipendwa sana, na tiketi zaidi ya milioni 5 ziliuzwa. Wandeuk ni mwanafunzi wa sekondari, maskini, mwepesi wa ngumi. Baba yake ni mtu mfupi mwenye kibiongo ambaye riziki yake ilikuwa kucheza dansi kwenye kilabu cha usiku, na kilabu kinapofungwa anageuka mchuuzi wa masokoni. Jirani yao, anayeishi chumba cha juu ya paa kinachotazamana na chao, ni mwalimu wa darasa la Wandeuk, mtu wa kelele na masimango ambaye moyoni ni mwema. Kijana anakwenda kanisani kumwomba Mungu amwue mwalimu huyo, na hapo watazamaji huanza kucheka.

Kisha mwalimu anamtobolea siri. Mama yake, ambaye kijana hamkumbuki hata sura, yu hai, yumo nchini humo humo, na ni Mfilipino. Aliondoka mtoto akiwa mchanga.

Sehemu za mama ni chache, na ndizo zilizoibeba filamu. Mama anamsemesha mwanawe kwa kauli ya heshima, ile ambayo Mkorea humwambia mkubwa wake au mtu asiyezoeana naye. Mzazi hamwambii mwanawe hivyo. Mtazamaji anayejua Kikorea kidogo tu husikia umbali wa miaka kumi na saba katika kiishio cha kitenzi. Halafu kuna viatu. Kijana anaona viatu vya mama vimechakaa, anampeleka dukani kumnunulia vingine, na mwenye duka, akimtazama mwanamke huyu mwenye sura ya kigeni, anauliza wanahusiana vipi. Wandeuk anajibu kwamba ni mama yake. Hakuna hotuba wala muziki wa kutuamrisha tulie. Mwigizaji aliyecheza nafasi ya mama, Jasmine Lee, mwenyewe alizaliwa Ufilipino, akaolewa na Mkorea, na mwaka 2012, miezi michache baada ya filamu hiyo, aliingia Bunge la Korea Kusini kama mbunge, jambo ambalo hakuna mhamiaji wa aina yake aliyewahi kulifikia kabla yake. Uso wake katika duka lile la viatu unatosha kunifanya niipende filamu hii mpaka leo.

Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba ninataka kuiponda. Ninachosema ni kwamba wema wake mkubwa umeficha jambo, na jambo hilo ni mlango ambao mama yule alitokea. Aliachanaje na mumewe? Filamu inatupa huzuni ya pande zote mbili: umaskini, aibu, ugeni, mume aliyejiona hafai. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna aliyefanya hiana. Mwandishi na mwongozaji wamekataa kumtafuta mwenye hatia, na kwa kufanya hivyo wamewapa heshima wote wawili. Kwa kipimo cha sanaa huo ni ukomavu. Lakini kwa kipimo cha sheria ya Korea, hadithi ya talaka isiyo na mwenye hatia ni hadithi ambayo mwanamke mgeni angeogopa kuisimulia mbele ya afisa wa uhamiaji.

Hebu tuitazame sheria hiyo. Mgeni anayeishi Korea na mwenzi wake Mkorea hupewa au hunyimwa talaka kwa sheria ya Korea; sheria ya nchi hiyo kuhusu mambo yanayovuka mipaka inasema kwamba mmoja wa wanandoa akiwa raia wa Korea na makao yake yakiwa huko, sheria ya Korea ndiyo inayotawala. Njia ni mbili. Ya kwanza ni talaka ya maafikiano. Mume na mke wanakwenda wenyewe Mahakama ya Familia, wanapewa maelezo, kisha wanarudishwa nyumbani wakafikiri. Tangu mwaka 2008 muda wa kufikiri ni mwezi 1 kwa wasio na watoto wadogo na miezi 3 kwa walio nao, na unaweza kufupishwa pakiwapo ukatili. Wakirudi na nia ile ile, na kama wamepatana kuhusu malezi ya watoto, hakimu anathibitisha, nao wanakuwa na miezi 3 ya kupeleka taarifa kwenye ofisi ya usajili. Ni njia nafuu na haina kelele. Karatasi inayotoka hapo haisemi nani alimkosea nani.

Njia ya pili ni kushtaki. Sheria ya Madai inataja sababu sita: uzinzi, kumtelekeza mwenzi kwa nia mbaya, kutendewa vibaya kupita kiasi na mwenzi au wazazi wake, mwenzi kuwatendea vibaya wazazi wako, mwenzi kutojulikana yu hai au amekufa kwa miaka 3, na sababu nyingine nzito inayofanya ndoa isiweze kuendelea. Kwa kawaida mahakama hujaribu usuluhishi kwanza, jambo ambalo sisi Watanzania, tuliozoea mabaraza ya usuluhishi ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hatulioni geni. Kigeni kwetu ni uzito wa neno kosa. Sheria yetu humwuliza hakimu kama ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Korea, mtu aliyeivunja ndoa kwa kosa lake, isipokuwa katika hali chache, haruhusiwi kudai talaka. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikaa jopo kamili kuliangalia upya jambo hilo, ikaubakiza msimamo wa zamani kwa kura 7 dhidi ya 6.

Kwa wenyeji, ubishi huo ni juu ya heshima, fidia na uhuru wa kuoa tena. Kwa mgeni, neno hilo hilo linaamua pia kama atalala wapi mwaka ujao. Mwenzi wa Mkorea hukaa nchini kwa viza ya F-6, iliyoanzishwa mwishoni mwa mwaka 2011. Mpaka wakati huo, kila alipotaka kuongezewa muda, mgeni alitakiwa apeleke hati ya udhamini iliyotiwa sahihi na mwenziwe, na mume mwenye hasira alijua vizuri nguvu ya kalamu yake. Udhamini huo ukaondolewa. Lakini talaka ikishapita, milango ya kubaki kwa viza hiyo ni miwili. Wa kwanza ni mtoto, yaani kumlea mtoto mdogo aliyezaliwa katika ndoa hiyo au kuwa na haki ya kumtembelea. Wa pili ni kosa: mgeni lazima aonyeshe kwamba ndoa haikuvunjika kwa sababu inayotokana naye. Masharti ya uraia kwa aliyeachika kabla ya kutimiza miaka inayotakiwa yanafuata mkondo huo huo.

Sasa turudi kwa mama yake Wandeuk. Mtoto amebaki kwa baba, na kwa miaka yote hiyo mama hakuonana naye, kwa hiyo mlango wa kwanza ni mgumu. Kama waliachana kwa maafikiano, amebaki na karatasi isiyosema lolote, na inambidi akusanye ushahidi mwingine kutoka kokote aupate. Kama hawakuachana, yeye ndiye aliyeondoka nyumbani. Mume angeweza kwenda mahakamani na kusema mke wake amemtelekeza na hajulikani aliko; wito ungetolewa kwa tangazo la mahakama, yeye asingeliona, na hukumu ingeandikwa hayupo. Katika hukumu hiyo mwenye kosa angekuwa yeye. Baba yule mpole, aliyekubali moyoni kwamba mkewe ana haki ya kwenda, hakuwa na namna ya kuuandika upole huo mahali ambapo ungemsaidia mwanamke.

Na nyumbani kwao je? Ufilipino, ukiwatoa Waislamu, sheria haina talaka kati ya raia wenyewe. Sheria yao ya Familia ilikubali tu kwamba mgeni aliyefunga ndoa na Mfilipino akipata talaka nje, Mfilipino naye yuko huru. Lakini Mfilipino mwenyewe akiwa ndiye aliyefungua shauri? Hapo alikuwa ameachika mjini Seoul na bado ni mke wa mtu mjini Manila, mpaka Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilipoamua mwaka 2018 kwamba talaka aliyoiomba Mfilipino mwenyewe nje nayo inaweza kutambuliwa. Hata hivyo inabidi aende mahakamani huko kwao akaithibitishe. Kumbe mtu anaweza kuwa mtalaka na mke kwa wakati mmoja, kutegemea anasimama upande gani wa bahari.

Msomaji mwenye kupenda hesabu atanisahihisha hapa. Kama kijana ana miaka kumi na saba mwaka 2011, ndoa ya wazazi wake ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wakati huo mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkorea alipata uraia kwa ndoa yenyewe, ilimradi aache ule wa kwanza. Mwanamume mgeni aliyeoa Mkorea hakupata kitu, kwani uraia ulifuata ukoo wa kiume. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1998, wake na waume wakawekwa sawa, wote wakatakiwa kusubiri na kuomba. Usawa huo ulikuwa wa haki, lakini ndio uliowaacha wake wageni katika miaka ya kungoja, wakitegemea ndoa isivunjike kabla ya wakati. Nakubali basi kwamba yawezekana mama wa hadithini alikuwa raia tayari. Ila filamu ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mwaka 2011, na wanawake walioketi nami ukumbini walikuwa wote wa sheria mpya. Wao waliitazama hadithi ya mwanamke wa leo, na wakaona kwamba jambo wanalolihofu kila siku halikutajwa hata mara moja.

Ili kuona kilichokosekana, na tuiweke filamu kando ya maandishi ya aina nyingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Korea ilitoa hukumu juu ya mwanamke kijana kutoka Vietnam. Alikuwa mjamzito, mama mkwe akamfanyisha kazi katika duka lake, mimba ikaharibika, na mume hakuchukua hatua ya kumlinda. Alishtaki akapata talaka, na mahakama ya familia ikasema kosa ni la mume. Alipokwenda kuomba aendelee kukaa nchini, uhamiaji walimkatalia kwa hoja kwamba haikuthibitika kuwa kosa lote, asilimia 100, ni la mume. Alishindwa mara mbili katika mahakama za chini. Mahakama ya Juu ikasema hapana: inatosha kwamba sehemu kubwa ya kosa iko kwa mwenzi Mkorea, hukumu ya talaka iliyokwisha kusema hivyo iheshimiwe, na kama uhamiaji wanadai vinginevyo, mzigo wa kuthibitisha ni wao. Mahakama ilitambua pia kwamba mgeni asiyeijua lugha wala sheria si rahisi kwake kukusanya ushahidi.

Maandishi ya hukumu hayamlizi mtu. Lakini yameuliza swali ambalo filamu ililikwepa: ni ndoa gani duniani ambayo huvunjika kwa kosa la mmoja tu kwa asilimia 100? Filamu ilijua jibu, maana imejaa ufahamu kwamba watu wawili wema wanaweza kushindwana. Haikujua tu kwamba kwa miaka mingi kuna waliolipishwa kwa ukweli huo. Mke aliyekiri kwamba naye alijibu kwa ukali, kwamba naye alichoka, alikuwa anajikatia tiketi ya kurudi kwao. Hukumu ya 2019 iliwapa nafasi ya kusema kweli kidogo zaidi. Hata hivyo bado wanatakiwa kusema kwamba mwenzao ndiye mbaya zaidi.

Jambo la mtoto nalo lina maandishi yake. Watazamaji wengi, hata pale ukumbini, walinung'unika: mama gani anamwacha mtoto mchanga? Mwaka 2013 Mahakama hiyo hiyo ya Juu ilishughulika na mama aliyefanya kinyume chake. Alikuwa Mvietnam, akamchukua mwanawe wa miezi 13 akaenda naye kwao bila ruhusa ya mume, naye akashtakiwa kwa utekaji. Hoja za mawakili zilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni, kwa mara ya kwanza katika historia ya mahakama hiyo. Majaji wengi walisema si utekaji, kwa kuwa mama hakutumia nguvu na aliendelea kumtunza mtoto kama alivyokuwa akimtunza, wachache walipinga. Nikiziweka hadithi hizi mbili pamoja naona jinsi uwanja ulivyokuwa mwembamba. Aliyemwacha mtoto alihukumiwa na watazamaji, na aliyemchukua alipandishwa kizimbani.

Tuna methali yetu kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanawake hawa walipewa jembe tangu siku ya kwanza: kupika, kulea, kuwauguza wakwe, kuzaa watoto katika vijiji ambavyo vijana wake walikwisha kuhamia mjini. Swali la sheria ya talaka ni kama aliyelima ana haki yoyote katika shamba. Katika mali, Korea imelijibu vizuri: tangu mwaka 1991 mtalaka anaweza kudai mgawanyo wa mali iliyochumwa pamoja, kazi ya nyumbani nayo ikihesabiwa, ilimradi adai ndani ya miaka 2. Nasi Mahakama yetu ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango. Lakini haki ya kubaki katika nchi haipimwi kwa jasho hilo. Inapimwa kwa kosa la mwingine. Mwanamke aliyemwuguza mama mkwe miaka mitano kisha akaachana na mumewe kwa amani yuko mahali pabaya kuliko aliyepigwa akapata cheti cha hospitali.

Mtu ataniambia kwamba filamu si somo la sheria, na riwaya iliyoizaa iliandikwa kwa ajili ya vijana. Ni kweli, na sikutaka hakimu aingie katika hadithi ya Wandeuk. Nilitaka kitu kidogo cha ukubwa wa viatu. Mama huyu anafungua mkoba wake mara kwa mara. Laiti mara moja tungeiona kadi yake ya ukaazi, au barua ya ofisi aliyoikunja na asiyeweza kuisoma vizuri. Mwongozaji aliyejua kutuonyesha miaka kumi na saba kwa soli iliyochakaa angejua pia la kufanya na karatasi. Tungelia vile vile, ila tungejua kwamba pamoja na mapenzi ya mama palikuwa na woga mwingine, na pengine tungemwelewa vizuri zaidi kwa nini alichelewa sana kuja kumtafuta mwanawe.

Siku ile filamu ilipokwisha, nilimfuata yule mwanamke Mfilipino kwenye birika la chai nikamwuliza alikusudia nini. Hakueleza. Alifungua mkoba wake akanionyesha bahasha ya plastiki ngumu yenye kifungo. Ndani mlikuwa na nakala za cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha binti yake, risiti za hospitali, stakabadhi za ada ya shule ya chekechea, na picha za familia zilizoandikwa tarehe kwa nyuma. Alitembea nayo kila mahali. Nikadhani nimegundua ndoa yenye mateso, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama mumewe anajua habari za bahasha hiyo.

Alicheka. Akaniambia mumewe ndiye aliyemnunulia.